Hatuzikagi Vipande

Mama aliingia saluni kwangu Iringo, hapa Musoma, siku ambayo nilikuwa na wateja wawili wa kucha na mmoja wa kusuka, akapita katikati yao bila kusalimia, akaweka juu ya meza yangu ya kazi kitu kilichofungwa kwenye kanga. Mama ni mwalimu mstaafu, amefundisha Bunda karibu maisha yake yote, na si mtu wa kupita mahali bila salamu. Nikajua kuna jambo. Alipofungua kanga nikaliona lile boksi.

"Uiunge," akasema. "Kabla sijaenda Mwanza."

Boksi hilo lilikuwa na sheria zake tangu nikiwa mtoto. Lilikaa juu ya kabati, nikaruhusiwa kulitazama na si kuligusa. Juu yake ilichorwa ndege ya vita ya kijani na kahawia, inapita kwenye mawingu huku mabawa yakitema moto, na pembeni jina lake kwa herufi nyekundu: Spitfire. Ndani yake kulikuwa na ndege hiyo hiyo kwa plastiki, lakini ikiwa vipandevipande, ambavyo mtu anaviunga mwenyewe kwa gundi mpaka ndege itimie. Baba aliinunua ng'ambo alipokuwa kozini, akarudi nayo mama akiwa na mimba yangu. Alimwambia mama kwamba mtoto akizaliwa na kupata akili, wataiunga pamoja, yeye na huyo mtoto. Halafu vikaja vita vya Amin, baba akaitwa kikosini, na ndege aliyopanda, ile ya kweli, haikurudi. Waliokuja kutoa taarifa walisema iliangukia ziwani. Mwili haukupatikana, na mimi nikazaliwa baada ya hapo.

Mimi ni Hilda. Baba aliitwa Stanslaus Nyamhanga, alikuwa rubani, na hayo ndiyo karibu yote niliyokuwa nayo kumhusu. Sitaficha kwamba nilikua nikimwonea hasira. Wenzangu walikuwa na baba wakali, baba walevi, baba waliokimbilia migodini na kuoa huko huko. Mimi nilikuwa na boksi, na hata hilo sikuruhusiwa kulifungua.

Kwenda Mwanza maana yake ilikuwa kwenda kupasuliwa. Madaktari walikuwa wameona uvimbe tumboni mwa mama, wakampangia tarehe. Mama haogopi kufa. Anasema ameshazika watu wengi mno, jambo lenyewe limemzoea. Alichoogopa ni kulala kaburini bila mumewe pembeni. Kwenye boma la baba kule Butiama nafasi ya kaburi la baba ipo, nyasi zake zinafyekwa kila mwaka, ila chini hakuna mtu. Kwa desturi ya ukoo wetu, mwili usipopatikana huzikwa shina la mgomba. Linavikwa shuka, linaliliwa, watu wanakula na kurudi makwao. Wakati ule wa vita babu alishakata mgomba na kuita watu. Mama, msichana mwenye mimba kubwa, akasimama mbele ya ukoo mzima akakataa. Alisema hawezi kulilia mgomba na huku mume wake anaweza kutokea kesho yake na begi begani. Babu alikufa bila kumsamehe vizuri.

Nilimuuliza siku ile pale saluni, wateja wakitega masikio, kwa nini basi asiukubali mgomba sasa, umri wote huu.

"Nikiukubali leo, Hilda," akasema, "ina maana nilimwacha nje miaka yote hii bure."

Nikaendelea kusugua kucha za mteja ambazo zilikwisha kusuguliwa.

Kumbe alikuwa ameshapiga simu Butiama kwa baba mdogo Magesa, mdogo wake baba, ambaye siku hizi ndiye mwenye kauli ya mwisho katika boma. Walibishana asubuhi nzima. Mwisho baba mdogo akalegea kidogo: badala ya mgomba, kinaweza kuzikwa kitu cha marehemu mwenyewe, kitu kilichopita mikononi mwake. Nguo za baba zilikwisha zamani, maana mama alinishonea magauni kwa mashati yake. Kilichobaki ni boksi. Hapo baba mdogo akaweka sharti, na mama akalirudia kwangu kwa sauti ya baba mdogo mwenyewe, ile nzito ya kukwaruza: "Shemeji, sisi hatuzikagi vipande. Mukilete kikiwa kizima."

Basi nikaelewa ninachoombwa. Ndege ilinunuliwa kwa ajili yangu, nikanyimwa utoto mzima, na sasa nakabidhiwa niiunge ili nikaifukie. Nilimwambia mama waziwazi kwamba sioni haki yangu iko wapi hapo. Mama akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto wa darasa la tatu aliyepasua dirisha, akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani kwetu Makoko. Kanga akaiacha mezani pamoja na boksi.

Jioni ile nilitafuta habari za Spitfire kwenye simu, na hasira ikanipanda upya. Hiyo ni ndege ya Waingereza, ya vita vya Hitla, ina pangaboi puani. Baba alikuwa akirusha Mig, ndege ya jeti, haina pangaboi wala udugu wowote na hii. Nikamwambia mama kwamba anataka kumzika mumewe na ndege ya watu wengine. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. Alisema anajua, yeye mwenyewe alimwambia baba hivyo hivyo siku alipoileta, na baba alijibu kwamba dukani ilikuwepo hiyo tu.

Nililifungua boksi Jumatatu, siku ambayo wateja huwa wachache. Plastiki ilikuwa ya rangi ya majivu, ngumu kama ukucha wa mzee. Vipande vilishikiliwa kwenye fremu kwa vijiti vyembamba, kila kimoja na namba yake ndogo. Gundi iliyokuja nayo ilikuwa imekauka ndani ya tyubu. Stika za kubandika kwenye mabawa zilikuwa zimegeuka manjano. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya picha tupu, na ilikatika kwenye mikunjo nilipoikunjua. Na katikati ya vyote hivyo kulikuwa na kiberiti, kiberiti cha kawaida cha dukani, cha zamani.

Nikakisukuma. Ndani, juu ya pamba, alikuwepo rubani.

Alikuwa na urefu wa kidole changu cha mwisho, amekaa, magoti yamekunjwa, mikono iko mbele kama anayeshika usukani. Katika boksi zima yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameshakatwa kwenye fremu, na alama ya kukatwa ilisuguliwa ikawa laini. Kwenye picha ya maelekezo rubani alikuwa mzungu mwenye mashavu mekundu. Huyu alikuwa na uso wa kahawia iliyoiva, kahawia yetu, na macho mawili madogo yaliyochorwa kwa kitu chenye ncha ya sindano. Nilimwita Esta aje amwone. Esta ni mwenzangu, saluni tulifungua pamoja, yeye anasuka na mimi nafanya kucha.

"Mama Jofrey, huyu mbona kama mmefanana," akasema. Jofrey ni mwanangu, yuko chuo Dodoma.

Nilimwambia aache utani, arudi kwa mteja wake. Lakini nilijua palikuwa na mkono wa mtu hapo, na sikutaka kufikiri zaidi ni wa nani. Nilijisemea kwamba mama bila shaka anamfahamu, ni boksi lake. Nikamrudisha kwenye kiberiti, nikakiweka kwenye rafu kati ya chupa za rangi za kucha.

Maelekezo yalisema kazi ya kwanza ni yeye. Unapaka gundi mgongoni mwake, unambandika kitini, halafu unafunga ubavu wa kushoto na wa kulia, ndege inakuwa na tumbo. Nilichukua gundi, nikamshika kwa kibano, na mkono ukakataa. Sijui nieleze vipi. Nimebandika kucha za bandia kwa maharusi nusu ya mji huu na mkono wangu haujawahi kusita. Nikasema nitamweka mwisho, kioo cha juu kikiwa bado hakijafungwa, nikaunga ubavu kwa ubavu kiti kikiwa kitupu.

Basi nilianza kwa hasira, nikaendelea kwa kupenda. Kazi yenyewe kumbe ilikuwa kazi yangu. Plastiki ya zamani inatoka na vinyama pembeni, unavisugua kwa tupa ya kucha. Kipande kidogo kama punje ya ulezi unakishika kwa kibano. Gundi unaitumia ile ile ya kucha, kidogo sana, kwenye ncha ya pini, na unashikilia mpaka ishike, huku unafikiria mambo yako. Mabawa hayakukaa vizuri, palibaki nafasi ya kupitisha karatasi. Nikaijaza kwa unga wa kucha za bandia, nikasugua, huwezi kujua. Wateja walianza kuja mapema ili waone tumefika wapi. Mmoja aliuliza kama itaruka, nikamjibu kwamba kwanza akae mkono utulie.

Katika kushikilia kule nilikuwa namfikiria baba kuliko nilivyowahi kumfikiria. Nilijiuliza kama alikuwa na subira, au angekuwa ananipokonya kibano kila nikikosea. Nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa namuuliza mama jinsi alivyokufa, na sijawahi kumuuliza alikuwa mtu wa namna gani akiwa amekaa tu nyumbani. Hilo liliniuma. Nilijiambia nitamuuliza, halafu nikawa naahirisha, maana kati yangu na mama maneno yalikuwa machache tangu siku ya boksi.

Kitu kimoja nilimuuliza. Mwisho wa karatasi palikuwa na picha mbili. Katika moja magurudumu yamekunjwa tumboni na ndege iko angani. Katika nyingine yameshushwa, imesimama chini. Unachagua, na ukishabandika huwezi kubadili. Nilimpelekea mama karatasi, nikamwonyesha. Aliiangalia, akaikunja kwa uangalifu akanirudishia.

"Hiyo niachie," akasema.

Ilikuwa imebaki siku chache kwenda Butiama, nami nimebakiza kioo, magurudumu na rubani, pale nilipoharibu. Tone la gundi liliteleza likaanguka juu ya bawa la kulia. Sasa mtu wa kucha gundi ikimwangukia mahali hafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Unachukua pamba, unachovya kwenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, unafuta. Kwenye ukucha gundi inayeyuka na ukucha unabaki. Ile haikuwa ukucha. Pamba ilizama. Bawa likalainika kama uji, likashika nyuzi za pamba, na nilipovuta, ncha yake ikaja nayo. Nilibaki nimeduwaa na pamba mkononi. Kilichokuwa bawa kilijikunja mbele ya macho yangu, na alama ya kidole changu gumba ikabaki humo, wazi kama ya kwenye kitambulisho.

Nililia, na nilimtukana baba. Nilisema kwa sauti, Esta akinisikia, kwamba mtu huyu hajawahi kunipa kitu kikadumu. Esta alifunga mlango wa saluni, akaniwekea chai.

Nilipopata pumzi nikampigia baba mdogo Magesa. Nilitaka aniambie kwamba haidhuru, bawa ni bawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pole, na akasema kwamba hawezi kunidanganya: yeye ndiye atakayejibu kwa wazee wa ukoo, na mama yangu ndiye aliyekataa mgomba mbele yao, hivyo macho yatakuwa mengi. Kitu chenye kiungo kilichokatika hakiingii kaburini. "Mwanangu," akasema, "mwambie mama yako taratibu. Mgomba nitaukata mimi mwenyewe, nitachagua mzuri."

Kumwambia mama taratibu. Nilipanda bajaji kwenda Makoko na ile ndege ndani ya katoni ya nywele za bandia, na kila tuta la barabara lilinipasua kifua.

Nyumba yetu inatazama ziwa. Wageni wanaisifia hiyo, lakini mama anakaa kibarazani akiwa amelipa ziwa mgongo, na katika mji huu ambao hata paka wanachagua sato au sangara, yeye hali samaki. Hajawahi kutueleza sababu na hatujawahi kuhitaji kuelezwa. Nilimkuta kwenye kiti chake. Nikaweka katoni miguuni pake, nikaifungua, nikamwambia yote kwa mkupuo, asetoni, bawa, baba mdogo, mgomba, bila utaratibu wowote.

Mama aliitoa ndege. Alipitisha kidole juu ya bawa zima, kisha juu ya lile lililoharibika, akafika kwenye alama ya gumba langu, akasimama hapo.

"Hata ya kwake haikurudi nzima," akasema.

Nilianza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na nilimwona amekuwa mdogo ndani ya gauni lake, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli kwamba Mwanza inaweza kunichukulia mama yangu kabla hajapata alichokitaka. Akasema basi, mgomba ni mgomba, ataulilia. Ndipo akaona kile kiberiti kwenye kona ya katoni, akauliza kama nimeanza kuvuta sigara uzeeni.

Nikashangaa. Nikamwambia kilikuwa ndani ya boksi. Akasema hakukiweka yeye, na boksi hajalifungua tangu alipoachiwa. Nikakisukuma, nikampa.

Mama alimtoa rubani kwenye pamba, akamweka katikati ya kiganja. Alivaa miwani. Akavua miwani. Akamsogeza karibu na pua, akamnusa, na uso wake wote ukabadilika.

"Rangi ya viatu," akasema.

Akanisimulia polepole. Ilikuwa jioni moja kabla baba hajaondoka. Yeye alikuwa anapika, baba amekaa mlangoni kwenye mwanga, ameinama, ana kopo la rangi ya viatu ya kahawia na njiti ya kiberiti aliyoichonga ncha. Mama alidhani anapiga buti zake rangi, akamtania kwamba buti za jeshi ni nyeusi, amekuwa mwanajeshi gani. Baba akacheka.

"Akasema, 'Huyu mzungu wao atapotea njiani, Butiama hajui. Naweka mtu anayejuaga njia ya nyumbani.'" Mama alimfunika yule rubani kwa kiganja cha pili. "Mimi sikuelewa anasema nini. Ugali ulikuwa unaungua."

Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akimlilia baba. Nimemwona akinyamaza tu. Alilia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani, majirani wakachungulia, nami nikakaa chini kwenye saruji nikamshika miguu. Ilichukua muda. Alipotulia, alifungua viganja, akaanza kumkagua yule rubani kama mkunga anavyomkagua mtoto. Mkono huu. Mkono huu. Mguu, mguu. Akamgeuza mgongo, ambao haukuwa na gundi kwa sababu mkono wangu ulikataa.

"Mbona huyu ni mzima," akasema.

Tulikwenda Butiama Jumamosi. Padri wa huko alikuwa amekubali kusoma misa ya kumwombea marehemu, lakini ya kaburini alimwachia katekista, mzee Bernado, akisema hayo ni ya ukoo. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Vijana walishika majembe wakisubiri kuambiwa. Na pale ukutani mwa zizi, mgomba ulikuwa umeegemezwa, mzuri kweli, umenyooka, majani yamepunguzwa. Baba mdogo alikuwa ametimiza ahadi.

Mama alimpa kiberiti. Baba mdogo alimtoa rubani kwa vidole vyake vizito vya kukamulia ng'ombe, akamshika dhidi ya mwanga, na wazee wawili watatu wakasimama kuja kuona. Mmoja akaguna kwamba hicho ni kidoli. Baba mdogo alikuwa anatazama uso.

"Nani alimpaka?" akauliza.

"Kaka yako," mama akasema. "Kabla hajaondoka. Kwa rangi ya viatu."

Baba mdogo Magesa alivua kofia. Mzee huyo haivui kofia yake hata akila, na wale wengine walipomwona wakavua za kwao mmoja mmoja, hadi yule wa kidoli. Akamrudisha rubani kwenye pamba, akawageukia vijana, akawaambia waanze kuchimba. Kijana mmoja, mtoto wa mjini aliyekuja na shemeji zake, akauliza huku akitabasamu kama shimo la jembe moja halitoshi.

"Chimba la mtu mzima," baba mdogo akasema. "Kaka yangu alikuwa mrefu."

Wakachimba la mtu mzima. Jua lilikuwa kali na ardhi ya kule ina mawe, wakapokezana mpaka yule wa mjini naye akavua shati. Mama alirarua pindo la kanga yake, ile ile aliyofungia boksi nami nikamrudishia, akamviringisha rubani humo. Mzee Bernado akasoma, tukaitikia. Ulipofika wakati wa kushusha, palitokea tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria: huwezi kumshusha kwa kamba mtu wa urefu ule, wala huwezi kumtupa. Watu wakaangaliana. Baba mdogo akaomba ngazi. Alishuka mwenyewe, mzee wa zaidi ya miaka sabini, vijana wamemshika makwapa, akapiga magoti kule chini, akamlaza, kichwa upande panapokaa kichwa. Alikaa huko kidogo. Tulisikia anaongea kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za ng'ombe.

Zamu yangu ilipofika nikachukua udongo. Nilikuwa nimejiandaa kusali tu kimoyomoyo, lakini midomo ilisema yenyewe, "Karibu nyumbani, Baba." Nina umri wa kuwa bibi wa mtu, na sikuwa nimewahi kulitumia neno hilo kumwita mtu. Hasira niliyokuwa nayo tangu utotoni niliitafuta pale kaburini ili niitupe pamoja na udongo, nikakuta sina uhakika iko wapi.

Tulipogeuka kwenda kula, ng'ombe walikuwa wameutafuna mgomba mpaka nusu. Baba mdogo aliwatazama, akasema waacheni.

Musoma tulirudi siku iliyofuata. Jumatatu mchana, kesho yake ikiwa safari ya Mwanza, mama alinikuta kibarazani na ile katoni. Nilikuwa nimeamua kumalizia. Ndege sasa ilikuwa yangu, hakuna aliyeidai, na bawa lake bovu nililikubali kama lilivyo. Nilimwambia mama jambo lililokuwa limenikaa tangu Butiama: kwamba baba hakuvunja ahadi. Alisema tutaiunga wote wawili, na ndivyo ilivyokuwa. Yeye alianza na rubani, mimi nikamalizia ndege, ila hatukuwa chumbani kwa wakati mmoja.

Mama alivuta kiti, akiwa bado ameyapa mgongo yale maji, akanyoosha mkono nimpe gundi. Nikakumbuka kwamba magurudumu alisema nimwachie. Nikamshikia ndege juu chini, yeye akachukua gurudumu moja kwa kibano changu, akalibandika likiwa limeshuka. Akabandika la pili. Yalikaa upande kidogo, na nilipoisimamisha mezani ikainamia kwenye lile bawa lililoyeyuka. Nilitaka kuyasahihisha kabla gundi haijakauka, akanipiga kofi dogo la mkono, niyaache.

Kikabaki kioo. Nikakiokota, kipande chepesi kinachoangaza, nikauliza nikifunge. Mama alichungulia ndani, pale kwenye kiti ambacho sikuwahi kumweka mtu.

"Acha wazi," akasema. "Ameshuka."